Kasuku wa Bure

Mwaka ambao mvua ilipita juu ya Bonde la Migunga bila hata kubisha hodi, wanyama walikuwa na salamu moja tu kila walipokutana: leo maji yako wapi? Madimbwi yalikuwa na tabia ya kuhama. Leo dimbwi liko nyuma ya mwamba, kesho limebaki tope, keshokutwa tembo wamechimba jingine mahali ambapo hakuna aliyepafikiria. Aliyejua alikunywa. Asiyejua alizunguka kutwa nzima akarudi nyumbani na koo kavu.

Kanga aliteseka kuliko wengi, maana alikuwa akiatamia mayai. Yalikuwa kumi na mawili, chini ya kichaka cha miiba, na yalikuwa ndiyo tumaini lake lote. Msimu wa kwanza moto wa nyika ulimteketezea kiota. Msimu wa pili kicheche alipita. Alikuwa hajawahi kulea hata kifaranga mmoja, na kila alipoyatazama mayai yale moyo ulimdunda kwa furaha na hofu pamoja.

Kanga tunamjua. Ni msafi, ni mchapakazi, na kanzu yake ya madoadoa haina mfano. Ila mdomo wake haukujaliwa mlango. Akiwaza, huwaza kwa sauti. Akinyamaza kidogo, majirani hudhani anaumwa.

Shida ya maji ndiyo iliyomwamsha Fisi. Huyu naye tunamjua: tumbo lake halijawahi kusema basi. Alitoweka siku kadhaa, kisha akarudi kutoka msitu wa mbali na kundi la kasuku juu ya kichwa chake. Alisimama katikati ya uwanja wa baraza, manyoya ya shingo kayalaza vizuri, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Ndugu zangu, majirani zangu," alisema, "nimeona mnavyohangaika, nikashindwa kulala. Kila nyumba itapata kasuku mmoja. Kila asubuhi atakuambia maji yako wapi. Hutembei ovyo, humuulizi mtu."

"Kwa bei gani?" aliuliza Ngiri, jirani yake Kanga.

"Bure!"

Basi, usiwaone wanyama wazima na pembe zao, neno hilo liliwafanya wasukumane kama watoto. Simba alipewa wake kwanza, kwa kuwa ni mfalme. Kasuku yule alimtazama, akasema, "Mtukufu, leo umependeza." Simba akatikisa manyoya na kutangaza kwamba huduma hiyo ni nzuri na inafaa kwa raia wote. Utafiti wake uliishia hapo.

Kulikuwa na jambo dogo tu la kukamilisha. Kabla ya kukabidhiwa, kila kasuku alisoma masharti. Aliyasoma kwa pumzi moja, haraka haraka, maneno yakikanyagana, na mwisho aliuliza, "Umekubali?" Tembo alikubali kasuku alipofika robo. Nyani alikubali huku akijikuna. Kanga alisema "Nimekubali" kasuku akiwa bado anakohoa kusafisha koo.

Sungura peke yake hakupanga foleni. Alikaa pembeni akitafuna mzizi.

"Kaka Sungura, mbona huchukui?" aliuliza Kanga, kasuku wake akiwa tayari mgongoni.

"Najiuliza tu, dada. Tangu lini Fisi akatoa kitu bure? Na ndege huyo ana masikio."

"Wewe nawe umezidi kushuku watu! Mimi sina la kuficha. Asikilize apendavyo, atasikia nini kwangu?"

"Una mayai."

"He! Nani kakwambia?"

"Wewe. Jana. Na juzi uliniambia ni kumi na mawili. Na leo asubuhi ulikuwa ukimwambia mke wa Ngiri, nami nikawa napita."

Kanga alijidai hakusikia. Alimpeleka mgeni wake nyumbani, akamwonyesha tawi zuri juu ya kiota.

Na kusema kweli, siku za mwanzo mambo yalikuwa matamu. Kila asubuhi kasuku alitaja dimbwi, Kanga alikwenda, maji aliyakuta. Tena alikuwa amepata mtu wa kuongea naye asiyechoka. Alimweleza habari za moto, za kicheche, za shingo inayomuuma, za yai moja dogo ambalo alilipenda kuliko mengine ingawa hakutaka mengine yajue. Kasuku alisikiliza yote, kichwa upande.

Siku moja Kanga alilalamika kwamba kiota kinamchoma. Kesho yake kasuku alisema, "Maji yako kaskazini. Na manyasi laini ya kutandika kiota yanapatikana kwa Bwana Fisi, leo tu."

"Jamani!" Kanga aliruka. "Ndiyo kwanza nilikuwa nayawaza jana! Amejuaje?"

"Uliyasema," alijibu kasuku.

"Kweli, niliyasema," alikiri Kanga, akaona jambo limekwisha. Alikwenda kwa Fisi akabadilisha mchwa aliowadonoa tangu alfajiri kwa manyasi ambayo yanaota ovyo kila mahali, akarudi akijisifu.

Siku chache baadaye Ngiri aliamka akakuta mizizi aliyoifukia kwa ajili ya kiangazi imefukuliwa yote. Watu walisema Ngiri ni mzembe. Kanga naye alisema hivyo, tena mara tatu.

Kisha zamu yake ikafika. Asubuhi ile kasuku alisema, "Maji yako Mto wa Mchanga." Mto wa Mchanga ulikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Kanga aliguna, akayafunika mayai kwa majani, akamwambia kasuku, "Haya, mimi nitarudi jua likiwa utosini." Alikwenda, akanywa, akarudi miguu ikiwaka moto. Akafunua majani. Akahesabu. Akahesabu tena. Yalikuwa tisa.

Kanga alikaa chini akalia. Hakulia kwa kelele kama kawaida yake. Alilia polepole, kichwa kikiwa chini ya bawa, na hicho ndicho kilio kilichowatisha majirani.

Alipojifuta machozi aliamua kuhama. Aliyasukuma mayai kwa kifua, moja moja, mpaka mahali papya. "Hapa hapatajulikana," alijiambia kwa sauti, kama ilivyo desturi yake. "Nyuma ya jiwe jekundu, chini ya mkonge wa porini. Nani atafikiria kutafuta chini ya mkonge?" Kasuku alimfuata, akatua juu ya mkonge. Kesho yake alimtuma tena Mto wa Mchanga. Aliporudi, yalibaki sita.

Safari hii alikasirika. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la malalamiko, ambalo Fisi alikuwa ameliweka juu ya kisiki na kumkabidhi Kinyonga.

"Karibu, mteja wetu mpendwa," alisema Kinyonga, akageuka rangi ya upole. "Lalamiko lako ni muhimu sana kwetu."

"Tangu nimchukue huyu kasuku, mayai yangu sita yameliwa!"

"Pole sana. Je, umejaribu kumfunika kasuku kwa jani, kisha kumfunua?"

"Kumfunika ili iweje? Nani anakula mayai yangu?"

"Lalamiko limepokelewa. Litajibiwa hivi karibuni." Kinyonga aliinua mguu kana kwamba anakwenda kulishughulikia, akafikiri, akaurudisha pale pale.

"Basi mchukueni kasuku wenu."

"Unaweza kumrudisha, mama, ni haki yako kabisa. Ila anayerudisha kasuku hapewi tena habari za maji. Na yale kasuku aliyokwisha kuyasikia, hayo yanabaki kwetu."

Kanga aliondoka akiwa mdogo kuliko alivyokuja. Asubuhi iliyofuata alimwendea Sungura, kasuku akiruka nyuma yake. Sungura alifungua kinywa kusema kile ambacho wewe na mimi tungekisema. Alipoyaona macho ya Kanga, alikifunga. Badala yake alimgeukia kasuku.

"Rafiki, nisomee masharti. Polepole."

"Polepole?" Kasuku alishangaa, kisha akavimba kwa furaha. "Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo."

Akaanza. Alisoma jua likiwa mashariki, akasoma likipanda, akasoma vivuli vikifupika. Kanga alisinzia mara mbili. Sungura hakusinzia, alikaa amesimamisha masikio, akitikisa kichwa polepole. Jua lilikuwa limefika utosini kasuku aliposoma hivi: "Kasuku atasikiliza yote yasemwayo popote alipo. Na kila jioni kasuku wote watakutana kwa Bwana Fisi na kusomeana yote waliyosikia, ili huduma iboreshwe."

"Subiri hapo," alisema Sungura. "Mnasomeana? Kwa hiyo wewe unajua alichosikia kasuku wa Ngiri?"

"Najua."

"Na wa Simba?"

"Najua."

"Na mkiwa kwa Fisi, mnaziba masikio?"

"Popote nilipo," alirudia kasuku. "Na Bwana Fisi huongea sana akiwa anakula."

Sungura alicheka mpaka akagaragara. Kasuku hakujua kinachochekesha. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Hakuwa na nia yoyote. Alichosikia alikisema, mwanzo mpaka mwisho, kwa mpangilio ule ule alivyokisikia.

"Dada Kanga," Sungura aliuliza akijipangusa, "jana ulikunywa wapi?"

"Mto wa Mchanga. Ndiko nilikotumwa."

"Dimbwi la hapa nyuma ya migunga lina maji tangu juzi. Mimi nimekunywa huko leo alfajiri."

Kanga alimtazama Sungura, akamtazama kasuku. Miguu yake ilikumbuka vilima vyote viwili, kwenda na kurudi. Kumbe hakuwa akipelekwa kwenye maji. Alikuwa akiondolewa nyumbani.

"Lakini kaka," alisema kwa hofu, "jioni atamwambia Fisi yote tuliyosema hapa!"

"Atamwambia kwa mpangilio. Ataanza na nini?"

Kanga alifikiri. "Masharti."

"Yote. Polepole. Tuone kama Fisi mwenyewe anaweza kuyavumilia."

Na kweli, jioni ile kasuku alitua mbele ya Fisi, akasafisha koo, akaanza kusoma masharti neno kwa neno. Fisi alipiga mwayo, akatafuna mfupa, akapiga mwayo tena. Hata robo hawakufika. "Ah, toka hapa!" alifoka. "Hayo nayajua. Nenda kalale." Kasuku akaenda kulala na habari yote iliyobaki tumboni.

Sungura alikuwa amempa Kanga amri moja tu: mpaka siku ya baraza, ambayo ilikuwa kesho yake, asitoe hata neno moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Kanga alibana kokoto mdomoni. Alikaa juu ya mayai yake sita, koo likimkauka, kasuku akimwimbia, "Maji yako Mto wa Mchanga, maji yako Mto wa Mchanga," naye hakwenda na hakujibu. Mke wa Ngiri alipopita kusalimu na kupokelewa na ukimya, alikimbia kumwambia mumewe kwamba Kanga yu taabani.

Asubuhi ya baraza Kanga alimwita mke wa Ngiri kwa bawa, akamwonyesha kiota kwa jicho. Mama yule alielewa, akakaa kulinda. Kanga akaenda.

Simba alikuwa juu ya jiwe lake, kidevu juu. Fisi alikaa karibu naye kama mtu wa nyumbani. Kanga alitema kokoto, akaeleza yote: mayai, Mto wa Mchanga, masharti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutia chumvi.

"Kanga," alisema Simba kwa uchovu, "wewe hupiga kelele kila siku. Kasuku ni viumbe wenye adabu. Wangu ananiambia kila asubuhi nimependeza. Mwenye mwenendo mwema haogopi kusikilizwa. Mimi nasikilizwa kutwa, umewahi kuniona nina wasiwasi?"

"Mtukufu amenena," alisema Fisi.

"Amenena kweli," alisema Sungura, akisogea mbele. "Basi Mtukufu, kwa kuwa huna wasiwasi, tumruhusu kasuku wa Kanga aseme anachojua habari zako."

Tabasamu la Fisi lilidondoka. "Hakuna haja, Mtukufu, watu wana njaa, baraza ni refu..."

"Aseme!" alinguruma Simba. "Mimi naogopa nini?"

Kasuku alisogea kwenye tawi. Sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya Simba mwenyewe, kila mtetemo. "'Mke wangu, hebu nitazame hapa nyuma. Manyoya yanapukutika, au ni mwanga tu?'"

Nyani alikohoa.

"'Yule nyati msimwambie mtu kwamba mlimkamata ninyi. Ninyi mtambeba, mimi nitanguruma.'"

Ngiri alizika uso mavumbini, mabega yakitikisika.

"'Mguu huu wa kushoto tangu niuchome mwiba haukanyagiki. Nungunungu akipita, semeni nimelala.'"

Kisha sauti ikabadilika. Ikawa ya Fisi, tena yenye kitu mdomoni. "'Mguu wa kushoto, eh? Mpelekeeni habari Simba wa ng'ambo. Akileta paja la nyati, nami nitamwambia ni mguu upi.'"

Hakuna aliyecheka tena. Simba wa ng'ambo alikuwa akililia bonde lile kwa miaka. Simba aliteremka kutoka kwenye jiwe, akichechemea kidogo kwa vile hapakuwa na faida ya kuficha tena, kucha zote nje.

"Fisi."

"Mtukufu, ulikubali!" Fisi alirudi nyuma. "Imo kwenye masharti! Ulisema mwenyewe, nimekubali!"

Simba alizirudisha kucha ndani. Angesemaje kwamba hakuwa akisikiliza, kwamba alikuwa akitazama kivuli chake?

Kanga ndiye aliyesogea. "Kasuku," aliuliza, "na mayai yangu?"

Sauti ya Fisi ikatoka tena, shibe tupu. "'Yamebaki sita. Lile dogo nitalila mwisho, huyu mama ndilo alipendalo. Baraza likiisha mtumeni tena Mto wa Mchanga, nipate chakula cha mchana.'"

Kanga alifumba macho. Wanyama waliokuwa wakimcheka kila siku kwa kelele zake walisogea wakasimama upande wake, mmoja mmoja, mpaka Fisi akabaki peke yake na Kinyonga. Na Kinyonga naye alikuwa ameshaanza kugeuka rangi ya wenzake.

Simba alitaka kummaliza Fisi pale pale. Sungura alimzuia kwa adabu. "Akifa leo, Mtukufu, kesho kutatokea mjanja mwingine na bundi wake. Mwache aishi na huduma yake. Kasuku wote wawe wake. Wamfuate popote aendapo, na wakionacho na wakisikiacho wakiseme pale pale, kwa sauti."

Ikawa hukumu. Na sheria ikafuata: yeyote aletaye kitu kipya bondeni atasoma masharti yake mbele ya wote, taratibu, mpaka yule mzito kuliko wote aelewe. Asiyetaka ataruhusiwa kukataa, na maji ataonyeshwa vilevile, kwa kuwa aliyeyaona atapanda jiweni na kuwaambia wenzake. Simba aliongeza sheria yake binafsi, kwamba habari za manyoya zisitajwe. Zilitajwa kila siku, ila kwa kunong'ona.

Fisi aliondoka kundi zima likiwa juu ya kichwa chake. "Fisi anakuja!" walipaza sauti. "Yuko nyuma ya kichaka! Amelala kifudifudi! Tumbo linamnguruma!" Hata panzi aliyeteguka mguu alipata muda wa kutosha kujiondokea. "Nyamazeni!" alilia Fisi. "Nyamazeni! Nyamazeni!" waliitikia kasuku wote. Alikonda, akavuka vilima viwili, akavuka na vingine, na kelele zikafifia pamoja naye.

Mvua ilirudi. Chini ya majani mahali fulani mayai matano yalipasuka, na lile dogo lilichelewa kwa siku nzima, Kanga akiwa amelikalia bila kupumua, mpaka nalo likagonga kutoka ndani.

Sungura alipopata habari alikuja kutoa hongera. Alimkuta Kanga njiani, amenenepa kwa fahari.

"Hongera sana, dada. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, kaka. Ahsante, bila wewe nisingewaona."

"Wamelala wapi?"

"Wamelala salama."

"Salama wapi?"

Kanga alimtazama rafiki yake kwa mapenzi makubwa. Mdomo ulimwasha, ulimwasha sana, ukabaki umefungwa. "Salama tu," alisema.

Sungura alifurahi kuliko ambavyo angefurahi kuambiwa. Nami naishia hapo, maana hata mimi sikuambiwa.